Maneno ya Kiingereza katika Hati ya Kiwanja

Wasikilizaji wetu, mtu anunuapo kiwanja huko Kibamba, kando ya barabara iendayo Morogoro, hutamani sana kupata hati. Lakini hati nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza, na watu wengi huzitia sahihi au dole gumba kabla ya kujua maana ya yaliyomo. Leo twapenda kueleza maneno matatu, kwa kuwa ndani yake mna haki ya mtu na ya watoto wake.

La kwanza ni “title”. Asili yake ni Kilatini, maana yake maandishi yaliyowekwa juu ya kitu ili kitambulikane. Neno letu “hati” latoka katika Kiarabu, na asili yake ni mstari au mwandiko. Basi maneno yote mawili yataja maandishi yaonyeshayo haki, wala si ardhi yenyewe.

La pili ni “occupancy”, nalo latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kushika au kutwaa. Serikali ya Waingereza ililitia katika Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923. Sisi husema “hati miliki”, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba udongo umekuwa wao milele. Sivyo. Milki ya milele, ambayo wachache walikuwa nayo tangu zama za Wadachi, ilifutwa mwaka 1963. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Mwenye hati ya kiwanja cha mjini amepewa haki ya kukikalia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti: alipe kodi ya pango la ardhi, na akitumie kwa kazi iliyotajwa. Avunjaye masharti aweza kufutiwa haki hiyo.

La tatu ni “mortgage”, yaani rehani. Katika Kifaransa cha kale maana yake ni dhamana iliyokufa. Wanasheria wa Uingereza wa zamani walieleza hivi: mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, dhamana imekufa kwa mkopeshaji. Kwa kuwa hatari yake ni kubwa, sheria yetu yataka nyumba ya mume na mke isiwekwe rehani pasipo ridhaa ya mwenzi.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu na mahakama. Hata hivyo hati za zamani zingali masandukuni mwa watu. Basi kila akabidhiwaye hati na aombe kusomewa neno kwa neno, akaulize: Ni haki gani? Ni ya miaka mingapi? Masharti yake ni yapi? Akiisha kujibiwa, ndipo atie sahihi.