Kupima Taasisi ya Utafiti wa Sera

Mwanafunzi apewapo ripoti ya taasisi ya utafiti wa sera, aghalabu huuliza: ni kweli au uongo? Twapendekeza mwalimu atenganishe maswali mawili: taasisi inaegemea upande gani, na ushahidi wake una uzito gani? Tuchukue mfano wa Heritage Foundation ya Washington, iliyoanzishwa mwaka 1973. Yenyewe hukiri kuwa ni ya kihafidhina. Mwaka 1981 ilitoa mapendekezo kwa serikali mpya ya Ronald Reagan. Kukiri huko hakubatilishi takwimu zake, wala hakuzithibitishi. Basi darasa lichunguze wafadhili, chanzo cha kila takwimu na njia ya hesabu, kisha lilinganishe na taasisi yenye msimamo mwingine. Anayeikataa ripoti kwa kusoma jalada tu hajaipima.