Samaki hai wa Tanganyika: Ukilijaza tangi la mteja, unampoteza mteja

KIGWENA, Burundi – Mfanyabiashara anayepita Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, akielekea Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina na Manyovu, kwa kawaida mawazo yake yako kwenye mawese, ndagala na mukeke. Samaki kwake ni mzigo wa kupimwa kwa kilo.

Lakini Ziwa Tanganyika lina samaki wengine ambao bei yao inategemea uhai wao. Ni siklidi, jamaa wa perege, walio wengi wao wadogo na wenye rangi za kuvutia. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za siklidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Hufugwa katika matangi ya kioo majumbani na hotelini, hadi Ulaya na Marekani.

Biashara hii si ngeni Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alianzisha nchini humo kituo cha kusafirisha samaki hai. Mwaka 1974, samaki mmoja wa ziwa hili alipewa jina la kitaalamu linalomkumbuka: brichardi.

Kwa anayetaka kuongeza bidhaa hii kwenye safari zake, kuna jambo la kujua mapema. Ndagala mkavu akishauzwa, habari yake imekwisha. Samaki wa mapambo akifa wiki ya tatu kwenye sebule ya mteja, lawama humrudia muuzaji, na mteja huyo harudi tena.

Pima tangi kwanza

Kabla ya kutaja bei, muulize mteja vipimo vya tangi lake. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 ni lita 240. Ukiondoa nafasi ya mawe, mchanga na pengo la juu, yanabaki maji kama lita 200. Hesabu ya samaki ianzie kwenye 200, tena kwa ukubwa watakaofikia, maana anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole anaweza kuwa kifaranga tu.

Msongamano huua kwa sumu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Bakteria wanaokaa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua takribani wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha katika tangi jipya. Anayejaza samaki siku ya kwanza anawatia ndani ya sumu yao wenyewe.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi. Maji ya ziwa hili yana alkali nyingi, pH yake ikikaribia 9, na tangi lao hutakiwa kufanana nayo. Katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali kuliko katika maji ya kawaida.

Nani akae na nani

Tropheus hula mwani ulioota juu ya mawe na ana utumbo mrefu. Akilishwa vyakula vyenye nyama nyingi huvimba tumbo na kufa, kwa hiyo hafai kuchanganywa na walaji nyama. Ni mgomvi pia. Wakiwa watatu au wanne, mnyonge hupigwa hadi kufa. Wafugaji wazoefu huwaweka kumi na wawili au zaidi, aina moja, katika tangi refu, ili ugomvi usimwangukie mmoja. Mteja mwenye tangi dogo asiuziwe kabisa.

Frontosa, mwenye milia na nundu kichwani, hupita sentimita 30. Usiku huwameza samaki wadogo. Huyu anahitaji tangi kubwa la peke yake na wenzake.

Brichardi ni mpole kwa macho, lakini jozi moja ikizaa, watoto wakubwa hubaki kuwalinda wadogo zao. Baada ya muda ukoo huo hulitawala tangi zima na kuwafukuza wageni.

Wapo wanaopatana kwa sababu kila mmoja ana mahali pake. Katika tangi letu la lita 240, Cyprichromis wanane huogelea juu, jozi ya Julidochromis hukaa kwenye nyufa za mawe, na jozi ya samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono hukaa mchangani. Jumla ni kumi na wawili. Mteja ataona nafasi imebaki. Mwambie iachwe hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini tangi halipaswi kujazwa.

Samaki wa dhahabu na wale wa mito ya Amazon, kama neon, wasichanganywe nao. Wa dhahabu hupenda maji ya baridi zaidi na huchafua sana, na neon huzoea maji laini yenye asidi.

Njiani na mpakani

Msongamano unaweza kuanzia kwenye mfuko. Samaki wasilishwe siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji, na wagomvi wafungwe kila mmoja mfuko wake wenye oksijeni. Vibali vya uvuvi na cheti cha afya ya samaki vifuatiliwe kabla ya kufunga mzigo. Cheti rahisi cha uasili, kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakichukui nafasi ya cheti cha afya. Mzigo huu ukizuiwa saa kadhaa juani, huna tena cha kuuza.

Samaki waliobaki wasimwagwe ziwani wala mtoni. Ziwa Victoria bado linakumbuka sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na furu waliotoweka baadaye. Hata ndani ya Tanganyika, Tropheus wa ghuba moja hutofautiana rangi na wa ghuba nyingine, na tofauti hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia. Wakichanganyika, bidhaa imeharibika kwenye chanzo chake.

Kwa hiyo safari ya kwanza chukua aina mbili au tatu unazozifahamu, na uandike vipimo vya tangi la kila mteja kwenye daftari lako. Utakaporudi, ulizia samaki wangapi wako hai kabla ya kuulizia oda mpya.