Binti wa Kolwezi na Masomo Mawili

Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa muda mrefu malezi ya msichana yalipangwa na kampuni ya shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni hiyo, Union Minière du Haut-Katanga, ilianza kuwapa wafanyakazi nyumba za kuishi na familia zao, kwani mwenye mke kambini haachi kazi ovyo. Wavulana walielekezwa kwenye ufundi; akina mama na binti zao walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliendeleza mtindo huo. Msichana alijua kusoma, lakini aliandaliwa awe mke wa mfanyakazi, si mfanyakazi.

Miaka ya 1990 mishahara ya Gécamines ilikatika. Kisha, mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watu 10,000 waliachishwa kazi Gécamines kwa mpango ulioitwa, kwa ukarimu mkubwa wa maneno, kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zikasimama kwa biashara ya mama: unga wa bukari, mkaa, mafuta ya mawese, na likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya kukuza mtaji. Binti aliona nani analisha nyumba, huku akiambiwa mkubwa wa nyumba ni baba. Sheria ilisema vivyo hivyo. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kuingia mkataba. Marekebisho ya Julai 2016 yaliifuta ruhusa, yakakiacha cheo cha mume kama mkuu wa nyumba.

Shule haijaziba pengo hilo kati ya mwanamke na mwanamume. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, ila sekondari hudai minerval, yaani ada ya shule, na pesa zikipungua mvulana ndiye hutangulizwa. Msichana anayebaki shuleni mara nyingi hupelekwa kwenye ushonaji, katika mji ambao waajiri wake wakubwa hutafuta mafundi umeme na makanika. Anayeacha shule huenda akaishia kuosha mawe machimboni. Shimoni haruhusiwi, kwa imani kwamba mwanamke hufukuza madini.

Kuutambua ubaguzi huo kuna gharama moyoni. Mwaka 1985, Nancy Downing na Kristin Roush, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza hatua tano za mwanamke kujitambua: kuyakubali mambo yalivyo, kuzinduka kwa hasira, kuwa karibu na wanawake wenzake, kujipatanisha na nafsi yake, na hatimaye kutenda. Mpango huo ulitokana na maisha ya Wamarekani, na si lazima hatua zifuatane hivyo Lualaba, lakini hatua ya pili inajulikana kila mahali. Hasira isiyo na wa kuisikiliza humgeukia mwenyewe. Kolwezi, wa kuisikiliza hupatikana kwenye likelemba, vyama vya akina mama kanisani, na madarasa ya masista wa Bon Pasteur, ambako wanawake wa machimboni hufundishwa haki zao pamoja na kazi nyingine ya kujipatia riziki. Tangu 2022 Lualaba ina gavana mwanamke aliyechaguliwa, Fifi Masuka. Darasa la umeme bado limejaa wavulana.