Arobaini ya mzazi ni haki yake, si hisani ya mume

SHUKRANI zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, tulialikwa kwenye akika katika mtaa mmoja wa jiji la Dodoma. Mbuzi walichinjwa kwa kufuata Sunna, mtoto akanyolewa na kupewa jina zuri, na dua ikaitikiwa. Tulipokuwa tukiondoka tulipitia uani, tukamkuta mama wa mtoto yule, mzazi wa siku saba tu, ameinama akisugua masizi ya sufuria la pilau. Pembeni yake palikuwa na madumu mawili ya maji aliyoyateka mwenyewe bombani. Mumewe alikuwa barazani akipokea pongezi.

Hatukumlaumu yeye peke yake. Tulijilaumu na sisi, kwani mara ngapi tumesimama mimbarini kueleza sifa za mbuzi wa akika, wala hatukumbuki ni lini tulieleza haki ya mzazi.

Udhaifu juu ya udhaifu

Katika sura ya Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa mama amembeba mtoto katika udhaifu juu ya udhaifu. Katika sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, anataja taabu ya kubeba mimba na taabu ya kuzaa, kila moja peke yake. Kwa hiyo uchovu wa mzazi si deko wala uvivu. Ni jambo lililothibitishwa na Muumba wake.

Amepokea Imamu Muslim kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliamrishwa kumtekelezea adhabu ya sheria mjakazi mmoja aliyefanya kosa. Alipomwendea alimkuta ndiyo kwanza ametoka kujifungua, akachelea kuwa akimpiga atamuua. Akamwacha, kisha akamweleza Mtume (S.A.W.), naye akamwambia kuwa amefanya vyema.

Tuzingatie, ndugu zetu. Ikiwa adhabu ya sheria ilisimamishwa kwa ajili ya nifasi, je, ndoo ya maji, kuni na sufuria la wageni haviwezi kusubiri?

Kutwaharika si kupona

Bibi Ummu Salama (R.A.) amesimulia kuwa wanawake wenye nifasi zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakikaa siku 40. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wanasema kuwa aghalabu ya nifasi ni siku 40, wingi wake ni siku 60, na uchache wake ni muda mdogo tu. Hivyo damu ikikatika siku ya 20, mama ataoga na kusali. Hangoji 40 zitimie. Aliyepasuliwa halazimishwi kumwagia maji jeraha linalodhurika. Ataosha anapoweza, na kwa pasipowezekana sheria imemwekea tayamamu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Damu ikikatika, mume huhesabu kuwa mke amepona, akamrudishia kazi zote na kudai haki yake ya unyumba usiku uleule. Josho humrudishia mama ibada zake. Halimrudishii nguvu zake. Kizazi huchukua takriban wiki sita kurejea katika hali yake, na mshono au mchaniko una muda wake wa kufunga. Mwenye kumlazimisha mkewe hali ana maumivu amesahau kuwa dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana.

Wapo pia wanaodhani kuwa mzazi haruhusiwi kutoka ndani mpaka arobaini itimie, hata akiwa mgonjwa. Hiyo ni ada, si sheria. Bibi Asma binti Umais (R.A.) alijifungua Dhul-Hulaifa, njiani kuelekea Hija ya kuaga, katika mwaka wa 10 wa Hijria. Alipouliziwa kwa Mtume (S.A.W.), aliamrishwa aoge, ajifunge kitambaa na ahirimie. Hatusemi wazazi wetu wasafirishwe. Tunasema nifasi si kifungo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae kituo cha afya angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Lakini akitokwa na damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida, uchafu wenye harufu mbaya au mguu mmoja kuvimba na kuuma, asingoje tarehe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kifafa cha mimba humpata mama hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Kwa takwimu za kitaifa, vifo vya uzazi nchini vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa utafiti wa mwaka 2015/16, na utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hatua hiyo. Hata hivyo kila mmoja katika hao 104 ameacha nyumba yenye kilio. Mwanamke anayekufa kwa uzazi ana daraja ya shahidi, lakini ujira huo ni wake yeye. Sisi tuliochelewa kumpeleka tutaulizwa.

Kilio cha Bibi Maryam

Mwili si peke yake unaojeruhiwa. Katika sura ya Maryam, aya ya 23 hadi 26, tunasoma kuwa uchungu ulipomfikisha Bibi Maryam kwenye shina la mtende, alitamani angekuwa amekwishakufa na kusahaulika. Wafasiri wanasema alichelea pia ulimi wa watu wake. Basi alijibiwa vipi? Hakukemewa wala hakuambiwa imani yake ni haba. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na jicho lake litulie, tena akaepushwa na maneno ya watu. Hiyo ndiyo tiba aliyoichagua Mwenyezi Mungu kwa mzazi mwenye majonzi.

Akina mama wengi hulia bila sababu ya dhahiri katika siku za mwanzo, na hali hiyo huondoka ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama akawa halali hata mtoto akilala, hali, hana furaha na mtoto au anajiona hana thamani, hayo ni maradhi yaitwayo sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea takriban wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Wachache zaidi, mmoja au wawili katika kila 1,000, huchanganyikiwa kabisa, na hao wanahitaji daktari siku hiyohiyo, wala wasiachwe peke yao na mtoto.

Hapa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe, iliyoanza miaka ya 1920, nasi tumelifanya jina lake kuwa mzaha na tusi. Matokeo yake familia humficha mgonjwa, au humzungusha kwa waganga wakisema ana majini. Kisomo cha Qur'an ni kheri na tunakihimiza. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamuru tujitibu, na kisomo hakijapata kumzuia mtu kwenda kwa daktari.

Wajibu wa baba

Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha yamewekwa juu ya baba, kwa wema. Wema huo kwetu sisi watu wa nyanda za kati una sura yake: uji wa mtama au ulezi, maharage, karanga, mlenda, nyama ikipatikana, na maji yaliyotekwa na mtu mwingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya angalau siku tatu. Si siku za kukaa barazani. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Na mume akighadhibika akumbuke kuwa kutoa talaka mke akiwa katika nifasi ni haramu.

Nasi maimamu tuna letu. Tukialikwa akika tusiulize umri wa mbuzi tu. Tumuulize baba: nani anamtekea mzazi maji, amekula nini leo, na analala?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu, awakuze watoto wetu katika utiifu, na atusamehe kwa tuliyoyanyamazia. Amin.