'Anavaa kofia' si sawa na 'amevaa kofia': Tuwaelezee wasioona picha kwa Kiswahili fasaha

Siku hizi afisi za umma, vyuo, makanisa na hata kamati za mazishi hutoa matangazo mtandaoni kwa njia ya picha. Tangazo huchapwa, likapambwa kwa nembo na rangi, kisha likasambazwa kama picha moja. Mwenye macho hulitazama akalisoma. Je, asiyeona afanyeje?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, ambaye haoni, alikosa kuomba ufadhili wa masomo kwa sababu hii. Tangazo lilifika kwenye simu yake siku lilipotolewa. Hata hivyo, programu inayomsomea yaliyo kwenye skrini ilitamka neno moja tu: picha. Alipokuja kujua kilichokuwemo, makataa yalikuwa yamepita kwa siku mbili. Hakuna aliyekusudia kumnyima nafasi hiyo, lakini alinyimwa.

Programu za aina hii ni kama NVDA ya kompyuta, ambayo hutolewa bila malipo, TalkBack ya simu za Android na VoiceOver ya vifaa vya Apple. Kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa sauti au Breli. Kwa upande wa picha, hutegemea sana maneno ambayo mtu ameyaambatisha na picha hiyo. Maneno haya nitayaita matini mbadala. Tusiyachanganye na maelezo yanayochapishwa chini ya picha gazetini. Hayo humfaa anayeiona picha. Matini mbadala huchukua nafasi ya picha yenyewe.

Hili si jambo geni. Mwongozo wa shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, umekuwa ukilidai tangu 1999. Hapa kwetu, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kile kile kinachokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kinaiagiza serikali kukuza Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Sisi wapenzi wa Kiswahili hukinukuu kifungu hicho kila mara, ila aghalabu tunaishia nusu ya kwanza.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo pana kazi. Wengi wanaojaribu kueleza picha kwa Kiswahili huwaza kwa Kiingereza. Utakuta: "Mwanamke anavaa kofia na anakaa kwenye kiti." Msomaji asiyeona atafikiri kwamba kofia iko mikononi ikielekea kichwani, na kwamba mwanamke huyo pengine anaishi kitini! Kiswahili huonyesha hali kwa -me-: amevaa, amekaa, amesimama, amelala, amebeba. Kiambishi -na- tukiachie tendo linaloendelea: anacheka, anakimbia, anachota maji. Picha nyingi huonyesha hali, kwa hivyo -me- ndicho kiambishi cha kutangulia akilini.

Pili, viwakilishi vyetu havitofautishi jinsia. Kwa Kiingereza, kiwakilishi kimoja tu humjuza msikilizaji kwamba anayezungumziwa ni mwanamke. "Ameshika kitabu chake" haisemi hivyo. Ikiwa jinsia au umri una maana katika picha, sharti tutaje: bibi, kijana wa kiume, msichana wa shule. Ikiwa hauna maana, tuuache.

Tatu, tuepuke 'huyu hapa' na 'kama mnavyoona'. Vionyeshi vinahitaji jicho la kuvifuata. Badala yake tuseme nani yuko kushoto, nani yuko nyuma ya nani.

Nne, tujiulize picha imewekwa kwa nini. Chukua picha ya Eliud Kipchoge akimaliza mbio za Vienna mnamo Oktoba 12, 2019, alipotumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Katika habari za michezo, tutaje nani, wapi, muda wake na furaha iliyo usoni. Katika makala kuhusu viatu vya riadha, picha hiyo hiyo itahitaji maelezo ya soli na rangi. Hakuna maelezo sahihi nje ya muktadha.

Hatuna haja ya kuanza na "hii ni picha ya", kwa kuwa programu imekwisha kusema hivyo. Sentensi moja au mbili hutosha. Ikiwa picha ni tangazo, andika maneno yote ya tangazo. Ikiwa ni grafu, taja takwimu na linalodhihirika. Pambo tupu liachiwe nafasi wazi ili programu ilipite.

Aidha, anayetengeneza tovuti ataje katika msimbo kwamba lugha ya ukurasa ni Kiswahili. Asipofanya hivyo, programu inaweza kusoma kwa matamshi ya Kiingereza: 'watoto wake' likasikika kama neno la kumwamsha mtu, na 'pole' likageuka mlingoti.

Wapo watakaosema tuiachie akili unde kazi hii. Ni kweli kwamba Facebook ilianza kuzalisha maelezo ya picha kwa mashine mnamo 2016, na teknolojia hiyo imepiga hatua kubwa. Lakini mashine haijui kwa nini umeiweka picha yako. Na inapotafsiri kutoka Kiingereza, 'anavaa kofia' hurudi mlangoni. Itumie kama msaidizi, kisha usome na kusahihisha.

Isitoshe, ujuzi huu tunao. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alipotangaza kandanda redioni, taifa zima lilikuwa halioni uwanja. Alituambia nani ana mpira, yuko upande gani na anaelekea wapi, nasi tukashangilia bao sebuleni. Matini mbadala ni utangazaji ule ule, ila kwa maandishi.

Kwa hivyo napendekeza walimu wa Kiswahili waiingize kazi hii katika uandishi wa kiuamilifu, pamoja na barua, ratiba na kumbukumbu za mikutano. Mwanafunzi apewe picha moja, aieleze kwa maneno thelathini, mwenzake aliyefumba macho aseme ameelewa nini. Nasi watu wazima tusingoje mtaala. Ukisambaza tangazo lolote leo, andika maneno yake kwenye nafasi ya matini mbadala, na pasipo na nafasi hiyo, yaandike papo hapo chini ya picha. Ni kazi ya dakika mbili tu.