Mitambo ya Kutafutia Habari na Hatima ya Kurasa za Wavuti

Makala haya yananuia kufafanua jambo ambalo wenye tovuti wengi hulitambua baada ya kuathirika. Mitambo ya kutafutia habari katika intaneti, hususan Google, hubadilisha kanuni zake za kupanga kurasa, na mabadiliko hayo huweza kuiinua tovuti moja na kuizamisha nyingine kwa siku chache tu.

Msingi wa kanuni za Google uliwekwa na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1998 walieleza mbinu ya PageRank, ambamo kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine huhesabiwa kama kura, na kura ya ukurasa wenye sifa huwa na uzito zaidi. Penye kura hapakosi hila. Walizuka wauza viungo, na wengine wakarudia maneno yale yale hadi sentensi zikapoteza maana. Mabadiliko ya Novemba 2003, yaliyobandikwa jina la Florida, yaliporomosha tovuti nyingi, yakiwamo maduka madogo, majuma machache kabla ya Krismasi.

Februari 2011 yakaja mabadiliko ya Panda, yaliyolenga kurasa hafifu. Kampuni kadhaa zilikuwa zikiwalipa waandishi ujira mdogo ili watoe makala mepesi kwa maelfu. Google ilisema kwamba karibu asilimia 12 ya maulizo nchini Marekani yaliathirika. Aprili 2012 ikafuata Penguin, iliyowaandama wauza viungo.

Hatua inayomhusu zaidi mwanaisimu ni BERT ya mwaka 2019. Google ilitoa mfano wa msafiri wa Brazili anayekwenda Marekani na kuuliza iwapo anahitaji viza. Awali mtambo ulipuuza kihusishi cha Kiingereza kinachoonyesha mwelekeo, ukaleta kurasa za Wamarekani wanaokwenda Brazili! Katika Kiswahili uhusiano wa namna hiyo aghalabu hubebwa na viambishi. Anayeuliza kuhusu "mwandishi aliyetafsiriwa na Nyerere" anamtafuta Shakespeare. Anayeuliza kuhusu "mwandishi aliyemtafsiri Nyerere" anamtafuta mtu mwingine kabisa. Mtambo usiotambua kiambishi cha kutendwa wala kile cha yambwa utawapa wote wawili jibu moja.

Je, mwenye tovuti ajiandae vipi? Mabadiliko makuu hutangazwa mara kadhaa kwa mwaka, na utekelezaji wake huchukua muda. Yale ya Machi 2024 yalianza tarehe 5 Machi na kukamilika 19 Aprili, yaani siku 45. Anayefuta kurasa katika siku ya tatu kwa hofu anajidhuru bure. Inafaa angoje yakamilike, aongeze juma moja hivi, kisha alinganishe takwimu za Search Console kabla na baada: ni kurasa zipi zilizoshuka, na kwa maulizo yapi? Kushuka si lazima kuwe adhabu. Huenda kurasa za wengine zimeonekana kuwa bora. Marekebisho nayo huweza kukawia kuonekana hadi mabadiliko makuu yanayofuata.

Sambamba na mabadiliko hayo ya 2024, Google ilikaza sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila manufaa kwa msomaji, zikiwamo zilizonakiliwa kwingine na kupitishwa katika programu ya kutafsiri. Hapa Kiswahili kimo hatarini. Tovuti inayomimina habari za Kiingereza katika programu hiyo, kisha ikazichapisha bila mhariri, huweza kuondolewa katika matokeo, na msomaji akabaki na kurasa chache zaidi za lugha yake. Kinga iliyopo ni kazi ya kawaida ya mhariri: kusahihisha upatanisho wa kisarufi, kutaja jina la mwandishi na tarehe, kuonyesha habari ilikotoka, na kuongeza alichokichunguza mwandishi mwenyewe. Hali kadhalika, ni busara kuwa na orodha ya anwani za baruapepe za wasomaji, ili toleo jipya liwafikie hata siku ambayo mtambo hautautaja ukurasa wenyewe.