Kioo Kinachokataa Mwanga

Nilipowaambia watoto wa mtaani kwetu, hapa Kitui, kwamba leo hadithi ni ya filta, mmoja alichomoa simu ya mamake, akajipachika masikio ya mbwa usoni, akaniuliza, "Kama hii, babu?" Wakacheka, nami nikacheka. Hayo ni mapambo, unapakwa picha ikishaingia. Mimi nasema kichujio chenyewe: kioo kinachokaa mbele ya lenzi na kukutana na mwanga kabla kamera haijauona.

Na kichujio mnakijua. Kiangazi mto ukikauka, maji mnatoa wapi? Mchangani. Susu, yaani bibi yangu, alikuwa akichimba kwa kata, anamwaga maji ya kwanza yenye tope, anamwaga ya pili, kisha anakaa kitako na kungoja. Maji yanapenya polepole kati ya chembe za mchanga, uchafu unanasa huko nyuma, na baada ya muda shimo lina maji ambayo ukitia mkono unaziona kucha zako. Ndiyo maana mito yetu ina mabwawa mengi ya mchanga: ukuta unazuia mchanga, mchanga unatunza maji. Sasa, mchanga haukuongeza chochote kwenye yale maji. Ulizuia tu. Kioo cha kamera nacho hakina rangi ya kumgawia mtu. Kazi yake ni kukataa.

Kinakataa nini? Twende Makueni, chini ya mwembe, saa tatu asubuhi. Majani ni ya kijani kibichi, lakini kwenye picha yanatoka na weupeweupe, kama yamepakwa mafuta. Ule ni mng'ao wa jua. Chukueni kamba, wawili mshike ncha, katikati ipite kwenye upenyo wa miti ya boma la mbuzi. Itikiseni juu na chini: wimbi linapita. Itikiseni kushoto na kulia: linagonga mti na kufa. Mwanga wa jua hutikisika pande zote, ila ukishadunda kwenye jani au majini, sehemu kubwa yake hutikisika upande mmoja. Kichujio cha polaroidi ni boma la aina hiyo. Unakizungusha taratibu kwenye lenzi, na ghafla weupe unazimika, jani linabaki na kijani chake.

Huna kamera? Miwani ya jua ya polaroidi inatosha, iweke mbele ya simu. Ila muuzaji sokoni atakuapia kwamba kila miwani ni polaroidi. Usibishane naye. Toa kalkuleta ya shule, itazame kupitia miwani huku ukiizungusha. Kioo cha kalkuleta kikigeuka cheusi, lipa. Kisipogeuka, rudisha.

Anga nalo lina siri yake. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua (kidole tu, macho hapana!), dole gumba ulisimamishe. Zungusha mkono bila kidole kuliacha jua. Kila linakopita gumba, ndiko kichujio kitalikoleza anga. Saa sita jua likiwa utosini, gumba linazunguka kwenye upeo, kwenye vumbi, na kioo hakina la maana la kufanya. Kwa hiyo ukitaka picha ya jiwe la Nzambani, hapa kwetu Kitui, na anga zito nyuma yake, amka mapema, jua likuangukie begani. Wazee husema ukilizunguka jiwe hilo mara saba, mvulana anageuka msichana, na msichana mvulana. Mimi niliishia ya sita.

Jaribuni na karatasi nyekundu ya peremende. Funika lenzi ya simu, piga picha ya barabara yetu ya udongo, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Wekundu umepita, buluu imekataliwa: barabara inang'aa, anga linakuwa jeusi kana kwamba mvua inakuja. Mvua yenyewe haipo, bahati mbaya.

Yule wa masikio ya mbwa nilimwambia jambo lililomnyamazisha. Ndani ya simu ya mamake kuna vichujio mamilioni, vidogo kupita vumbi, vimepangwa kama vigae: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Mpango huo ni wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa 1976. Vikiondolewa, simu inaona kijivu tu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Misri na Somalia kuna mahali litafunikwa lote. Kwetu Kenya ni sehemu tu, kwa hiyo halitakuwa salama kutazamwa hata dakika moja. Miwani ya sokoni haisaidii, wala karatasi ya peremende. Kinachotakiwa ni kichujio cha jua, ambacho hupitisha kama sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga. Ninacho kimoja. Njooni mapema, na foleni msisukumane.